Mashine Iliyojengwa Kama Geti

Jumatatu, 17 Februari

Chai ya rangi. Maziwa ya jana yaliganda. Nimefagia karakana ya Kathure kabla hajaamka, chembe za chuma kila mahali kama kawaida. Kisha nikaazima spana yake, nikakaza nati za kitanda changu. Kililia usiku mzima. Ni kitanda cha chuma, kitu pekee kikubwa tulichotoka nacho Bonde la Ufa tulipofukuzwa.

Kathure ni binti yangu, na sasa anachomelea mashine ya kupura mtama. Ngoma yake ni pipa la mafuta, meno ni vipande vya nondo, injini ilikuwa ya pampu ya maji. Kwa miaka kazi yake imekuwa mageti ya hosteli za wanafunzi kule Nchiru. Hii hakufundishwa na mtu. Aliichora kwa chaki sakafuni, akaifuta, akaichora tena.

Mashine za dukani zinatoka ng'ambo. Ikivunjika jino unangoja kipuri mpaka msimu upite. Hii unatafuta kipande cha nondo, basi.

Alhamisi, 20 Februari

Imefanya kazi. Naandika tena ili niamini. Imefanya kazi.

Masuke yaliingia juu, punje zikatoka chini, feni ikarusha makapi yote kwenye koti la mzee mmoja wa kanisa. Vicheko. Nadhani nusu ya kijiji chetu cha Muthara ilikuwa pale.

Mama Mutuma alikuwepo. Ni mwenyekiti wa kikundi cha wajane wa kule chini, ng'ambo ya korongo, kwenye joto, ambako mtama ndio chakula. Alitia punje chache mdomoni, akatafuna polepole. "Haijavunja," akasema. Wao hupura kwa fimbo, na vumbi la mtama huwasha shingo hata baada ya kuoga.

Wamekubaliana. Kathure apeleke mashine kule, ipure mtama wa Mama Mutuma. Ikifaulu kikundi kitainunua. Isipofaulu watarudi kwenye fimbo, na mvua iko karibu. Mtama uliovunwa ukinyeshewa hugeuka mweusi. Mweusi hauliwi wala hauuziki.

"Mzee, huyu msichana wako ako na bwana?" Mama Mutuma aliniuliza akiondoka.

Nikamwambia ako na kazi. Alicheka mpaka barabarani.

Jumapili, 23 Februari

Mchungaji ameitaja mashine kwenye matangazo. Nilikaa wima. Marehemu mama yake Kathure angepiga vigelegele humo humo kanisani.

Mawingu juu ya milima ya Nyambene.

Jumanne, 25 Februari

Siku mbaya.

Pikapu ilishuka nayo hadi barabara ilipoishia. Kutoka hapo ni njia ya miguu, halafu daraja la mbao juu ya korongo, upana wa mtu mmoja na mzigo wake. Wanaume waliiinua kama jeneza. Hatua chache tu, mbao zikaanza kulia. Wakarudi. Wakajaribu kuishusha korongoni kwa kamba, ikamponyoka mmoja, nusura imvunje mguu. Wakakataa kuigusa tena. Sikuwalaumu.

Hakuna mahali inapofunguka. Kila kiungo amekichomelea. Amezoea mageti, na geti zuri ni lile ambalo mwizi hawezi kulifungua. Amejenga mashine kama geti, nami niliyekuwa pale kila siku sikuliona hilo.

Mwanamke mmoja wa ng'ambo ya korongo akapaza sauti: "Fundi! Hiyo ni mashine ama ni geti? Huku tuko na milango!"

Wenzake wakaangua kicheko. Kathure akageuka, akaanza kukunja kamba. Tuliirudisha karakanani kwa ile pikapu. Mimi nilikuwa na hasira naye. Hasira ya kipumbavu. Imepita.

Jumatano, 26 Februari

Manyunyu alfajiri. Mama Mutuma alipiga simu. Wamefunika rundo la masuke kwa turubai, lakini maji yanapenya pembeni. Nikamwambia wayabebe waje kuyapuria huku juu.

"Mzee, nusu itamwagika njiani. Ndege watakushukuru wewe."

Ni kweli.

Kathure hajala. Amekaa mbele ya mashine, mikono mapajani.

Nimekumbuka mashine yangu ya kupukuchua mahindi. Ya mkono, gurudumu zito, inazunguka vizuri hata mtoto aliiweza. Niliifunga kwa saruji kwenye sakafu ya ghala ili isiibwe. Siku ya kuondoka niliitazama, nikaiacha. Kilichofunguka kilikuja nasi. Kilichokazwa milele kilibaki kule, sijui kwa nani.

Sikumwambia Kathure. Ana yake ya kutosha leo.

Alhamisi, 27 Februari

Asubuhi aliingia chumbani kwangu bila hodi. Akatoa godoro, akapindua kitanda, akapiga magoti kukichunguza kwa chini.

"Baba, siku ile tulifukuzwa, ulikifungua na nini?"

"Kisu cha mkate."

"Nati nilibeba mimi. Kwa soksi."

Alikuwa mdogo sana. Nilidhani hakumbuki chochote. Soksi ile naikumbuka. Aliikumbatia safari nzima hadi Embu, hadi kwenye ua wa kanisa tulikolala chini ya turubai, nami nikadhani amejitengenezea mwanasesere. Kumbe alibeba nati za kitanda. Pale Embu mama yake ndiye aliyenipa nati mkononi, nami sikuuliza zilikotoka.

Alitoka, akachukua msumeno wa umeme, akaanza kukata viungo alivyochomelea mwenyewe. Kazi ya wiki nyingi. Viungo safi, vilivyonyooka. Cheche ziliruka mpaka mlangoni.

Siku ile mashine ilipopura nilijivuna. Leo zaidi.

Ijumaa, 28 Februari

Nimetumwa dukani kununua bolti. Kathure alifungua moja ya kitandani pamoja na nati yake, akanitilia mfukoni iwe kipimo. Zote ziwe saizi hii. Spana moja tu ifungue kila kitu, kusiwe na haja ya kumwita fundi.

"Mzee, unaunda meli?" mwenye duka aliniuliza.

"Kubwa kuliko meli."

Jumamosi, 1 Machi

Nimechoka sana. Lazima niandike.

Wanawake walivuka asubuhi kuja kutupokea. Kila mmoja na ukanda wake, ule wa kubebea kuni, unaopita juu ya kichwa. Kathure akaigawa mashine. Fremu vipande viwili, chekecheke, feni, miguu. Injini ilichukuliwa na wanaume wawili, ikining'inia kwenye mti waliouweka mabegani. Ngoma akaidai Mama Mutuma mwenyewe. Nilimwambia ni nzito. "Mzee, mimi nimebeba watoto saba na mume mlevi. Hii ni nini?"

Walivuka mmoja mmoja, wameinama. Ukiacha injini, mashine yote ilipita juu ya zile mbao kwenye migongo ya wanawake.

Mimi nilibeba mkebe wa bolti. Daraja likatikisika, mkebe ukainama. Nyingi zilidondoka kwenye mbao tukaziokota. Moja ilienda korongoni.

Kuifunga hakukuchukua muda, spana moja ikizunguka kutoka mkono hadi mkono. Mwisho ikakosekana bolti moja, tena kwenye beringi ya ngoma.

"Washa tu, fundi! Hizo zingine zinatosha!"

"Hii ngoma ikichomoka itakata mtu," Kathure akasema. "Siwashi."

Walimsihi. Walimwonyesha mawingu. Mwanamke wa lile neno la geti akamwita mwoga. Kathure akaweka spana chini, akakaa juu ya gunia. Nilimwona mtu mzima, fundi kamili. Nilitia mkono kwenye koti nitafute kitambaa nijipanguse uso.

Bolti ya kitanda. Ilikuwa bado mfukoni tangu dukani.

Nilimpa. Aliitambua kabla haijafika kiganjani. Aliikaza, kisha akavuta kamba ya injini.

Tulipura mpaka jioni. Mvua ilianza tukifunga gunia la mwisho, nao mtama ulikuwa ndani, mweupe, mkavu. Mwanamke wa geti alicheza dansi kwenye makapi. Kikundi kimeichukua mashine, na wameagiza nyingine ya jirani zao.

Watu waliokuwa wakipita walisimama kuuliza imetoka nchi gani. Mama Mutuma akawajibu, "Nchi gani? Ni ya msichana wetu, hapo Muthara."

Wetu. Miaka yote hii hapa nimeitwa mzee wa kutoka Bonde.

Jumatatu, 3 Machi

Mvua tangu usiku. Kathure anakata vyuma vya mashine ya pili. Ameniletea bolti mpya ya kitanda. Nimeiweka dirishani.

Kitanda kinalia upande mmoja nikigeuka. Nimekiacha kilie.