Teke la Kijivu

Jumatatu, 15 Julai
Mama mkwe amempa Norjmaa ndoo. Ndoo yangu! Miaka kumi na moja nimekama farasi wa familia hii, mara sita kwa siku, goti moja chini, ndoo pajani. Norjmaa ni mke wa shemeji yangu, kaolewa juzijuzi tu. "Mikono yake laini, farasi wetu Kijivu atampenda," mama mkwe kasema mbele ya wageni. Wakacheka. Nami nikacheka — meno tu. Kazi yangu sasa ni kumshika mtoto wa farasi ubavuni mwa mama yake, ili maziwa yashuke. Mgeni njoo mwenyeji apone, eti. Mimi naumwa.

Jumatano, 17 Julai
Kijivu kasimama kimya kwa Norjmaa. Kimya! Mimi alinisumbua miaka miwili. Hata mume wangu kasifu povu la maziwa. Sikula. Naona wivu, basi, nimeandika.

Alhamisi, 18 Julai
Jioni, nikimfungua Kijivu, niligusa kiwele. Upande mmoja unachoma, umekaza. Akainua mguu, hakupiga. Farasi hapigi teke kwa ubaya. Ni hofu, au maumivu, au mtoto wake. Na huonya kwanza: masikio yanalala nyuma, mkia unachapa. Norjmaa hajui kusoma hayo.
Sijamwambia mtu. Kesho nitasema. Labda.

Ijumaa, 19 Julai
Sikusema.
Norjmaa aliniuliza mwenyewe, "Dada, mbona leo anachapa mkia?"
"Nzi," nikasema. Masikio yalikuwa yamelala kabisa. Niliyaona!
Akapiga goti. Teke moja. Mkono umevunjika, niliusikia. Wakati wanampakia garini kwenda hospitali alinigeukia: "Dada, mshike mtoto wa Kijivu, asikanyagwe." Bado aliniamini mimi.
Mama mkwe kanirudishia ndoo. "Chukua, mwanangu. Nilikosea. Farasi huyu ni wako." Maneno niliyoyatamani tangu Jumatatu — nikaipokea ndoo bila kumtazama.
Kisha akainama, akapapasa kiwele, akauacha mkono palepale.
"Dulam, hiki kimevimba tangu lini?"
Nikasema nafuata mavi makavu ya kuchochea jiko. Niko nyuma ya mkokoteni, kapu tupu, naandika. Mama mkwe ananiita. Mara ya tatu sasa. Hakasiriki, anaita tu, kwa upole —