Bastola ya Kumlipia Kisasi Duchess

S.L.P. 61,
Ninilchik,
Alaska.

2 Oktoba 2012

Mpendwa Kaka Verlin,

Pokea salamu nyingi kuliko mbu wa Julai. U hali gani huko Florida? Goti la kushoto limekubali kukunjika, au bado unashuka ngazi kinyumenyume kama kaa? Na Shemeji Maybelle, presha yake imetulia? Mwambie apunguze chumvi, halafu anitumie mimi ile chumvi. Huku sisi, nikisema sisi nina maana mimi na jiko langu la kuni, tu wazima. Sikio la kulia tu ndilo limegoma kazi, na sababu yake utaiona mbele.

Kaka, mimi bahati inanipenda. Nilikwambia tangu zamani, tukiwa bado tunalala kitanda kimoja, kwamba kati ya watoto wa mzee Tackett mimi ndiye niliyezaliwa na nyota. Basi mwezi wa nane watu wa zimamoto wa kujitolea waliendesha bahati nasibu yao. Wenzangu walinunua tiketi kumi kumi. Mimi nilinunua moja tu, tena nikiwa nimesimama na sahani ya maharage mkononi. Wakaita namba. Yangu! Nikashinda bastola kubwa kuliko zote zilizowahi kuingia kijiji hiki. Watu walipiga makofi mpaka maharage yakanimwagika.

Hii si bastola ya kuweka mfukoni. Ina uzito wa kilo mbili, inabeba risasi tano tu, na kila risasi ni nene kama kidole gumba changu, nawe unakijua kidole gumba changu. Mtutu wake ukiuchungulia unaona kama shimo la choo. Nilipoiweka juu ya meza ya kahawa pale dukani, wanaume wazima waliacha vikombe. Kila mmoja alitaka kuishika. Wakiishika wanavuta pumzi, wananyoosha mgongo, sauti inashuka. Hata mchungaji aliomba aishike, akaisogeza dirishani na kuiangalia kwenye mwanga kama anatafuta mstari wa Maandiko. Mimi nimefanya kazi kwenye meli za samaki mpaka Japani, nimeona mengi, lakini sijaona chuma kinachomfanya mwanamume ajione mrefu namna ile.

Sasa nikueleze kwa nini niliihitaji. Unamkumbuka Duchess, yule mbwa wa mke wangu Ruthanne, mweusi mwenye soksi nyeupe. Tulipomzika Ruthanne uliona mwenyewe jinsi yule mbwa alivyolala mlangoni siku nne bila kula. Tangu hapo tulikuwa wawili. Nikipika mayai, napika matatu, moja lake.

Tarehe kumi na moja Agosti, asubuhi, nilikuwa mtoni. Dubu akaja nyumbani. Ni yule mkubwa wa kahawia aliyekatika sikio, anayejulikana na kila mtu hapa. Akang'oa mlango wa banda langu la kukaushia samaki kwa moshi, akala samoni wa mwaka mzima. Duchess alikuwa amefungwa mnyororo. Nilimfunga mimi, ili asiibe samaki. Kaka, hakuwa na pa kukimbilia. Nilirudi nikakuta mnyororo, na sitaandika nilichokuta mwishoni mwake.

Nikaapa. Nikasema yule dubu nitamwua, na sitamwua kwa mbali kama anayepiga picha. Nataka anione uso. Nataka aijue harufu yangu, ajue ni mimi mwenye mbwa, halafu nimwangushe kwa kitu chenye kelele ambacho hata Ruthanne huko aliko atakisikia.

Nilimweleza jirani yangu, Bibi Agrafena, yule bibi wa Kirusi anayekaa upande wa pili wa rundo la kuni. Ana miaka sabini na nane na ulimi wa miaka ishirini. Akaacha kumenya viazi.

"Hollis, sheria unaijua?"

"Naijua. Akivamia mali yangu, ruksa kumwua."

"Na ukishamwua?"

"Namchuna."

"Halafu ngozi na fuvu?"

"Napeleka serikalini."

"Basi wewe si mlipa kisasi," akasema, "wewe ni mchunaji wa serikali usiye na mshahara."

Alicheka mpaka kiazi kikamponyoka. Nikamwambia serikali ichukue ngozi, ichukue fuvu, hata meno ipige mswaki, mimi nataka kumwona akianguka tu.

Nikaenda kuijaribu bastola kwenye machimbo ya kokoto. Dell Purvis wa duka la vyambo vya samaki alikuja na kiti chake na soda, kama mtu aliyealikwa mpirani. Nikajipanga, nikafumba jicho moja. Verlin, lile si teke la punda, ni teke la punda aliyekusubiri miaka. Mtutu ulinirudia usoni, ukanichana katikati ya paji la uso. Kofia niliikuta nyuma yangu hatua sita.

"Nimelipata lengo?" nikauliza.

"Umelipata," Dell akasema. "Linavuja damu."

Risasi ya tatu ilipotoka mkono ulitetemeka kiasi kwamba jioni nilikunywa supu kwa mrija. Na kuibeba? Niliivaa kifuani kwa mikanda kama mama anayebeba mapacha. Nikienda mtoni naelemea mbele, nikiinama kushika samaki inanigonga kidevu. Siku ya pili nilitumbukia majini kichwa kwanza, na iliyonivuta chini ni hiyo hiyo bastola ya kunilinda. Mtu mwenye akili angesikia. Mimi nilikuwa na hasira, na hasira haikuwa na masikio.

Tena nguvu ile haikunitosha. Hapa, kama ulivyozoea, kila mwanamume anajijazia risasi mwenyewe mezani kwake, anatumia maganda ya zamani. Ruthanne alikuwa akiniruhusu meza ya jikoni kila Jumapili. Basi nikakaa pale pale. Kitabu cha vipimo kilikuwa mbele yangu, nikakifunga. Kila nikijaza baruti namkumbuka Duchess na mnyororo, naongeza kidogo. Nikikumbuka mayai matatu, naongeza tena. Nilizijaza tano. Nilizipanga juu ya meza zikisimama, nikaziambia, ninyi ni watoto wangu, msiniaibishe.

Dubu alirudi tarehe kumi na nane Septemba, saa moja asubuhi, mvua ya manyunyu. Nilikuwa nimewasha moshi bandani na samaki wachache ndani, nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nyuma ya pipa la maji, kama nilivyokaa asubuhi kumi na mbili kabla yake. Akatokea kwenye vichaka akitembea polepole, kama mwenye nyumba anayekuja kudai kodi. Sikio moja, makalio kama godoro. Nikasimama. Nikamwita.

"Wewe! Mwizi! Unanijua mimi nani?"

Akasimama kwa miguu miwili, hatua ishirini, akanitazama. Ndivyo nilivyotaka, kaka, uso kwa uso. Nikamwambia, "Hii ni ya Duchess," nikafyatua.

Sikusikia mlio. Niliona moto mkubwa, na dunia ikanyamaza kimya. Mikono iliruka juu ya kichwa, kidole kikabana chenyewe bila idhini yangu, na risasi ya pili ikaondoka kwenda mawinguni. Risasi ya kwanza ilimkosa kwa upana wa pikapu. Nasema hivyo kwa sababu ilipiga pikapu yangu. Iliingia mlango wa dereva, ikatokea mlango wa abiria, ikapita ua, ikajikita kwenye kuni za Bibi Agrafena. Kuhusu nguvu, sikudanganywa.

Nikashusha mikono nifyatue ya tatu. Silinda haizunguki. Nikabonyeza, nikavuta, nikaipiga na kiganja, wapi. Ule mtikisiko wa baruti niliyozidisha ulikuwa umeivuta risasi ya tatu, ikachomoza kichwa nje ya ganda lake na kuikwamisha silinda. Ile hasira yangu niliyoipima kwa kijiko ndiyo iliyofunga bastola. Nikabaki nimeshika chuma cha kilo mbili kisicho na kazi, dubu anashuka miguu minne, anakuja. Hakukimbia. Alikuja akitembea.

Nilifikiri nimtupie. Wallahi, hilo ndilo wazo pekee nililokuwa nalo.

Kumbe Bibi Agrafena alikuwa ametoka nje kuuliza nani anazipiga risasi kuni zake. Nikamwona anapita kando yangu, amevaa buti za mpira na gauni la kulalia, mkononi ana lile kopo la dawa ya pilipili la kupulizia dubu. Mdomo wake ulikuwa unakwenda lakini sisikii kitu. Akasubiri. Kaka, yule bibi alisubiri mpaka mimi nikajikojolea kidogo, nakuandikia wewe tu, halafu akapuliza. Wingu jekundu likamwingia dubu machoni na puani. Alipiga chafya kama mtu, akageuka, akavunja vichaka akikimbia. Upepo ukaturudishia sehemu yetu, tukakaa chini matopeni, bibi na mimi, tukalia machozi mpaka saa tatu.

Nilipoanza kusikia kidogo kwa sikio la kushoto, nilimsikia anasema, "Hatua kumi, Hollis. Nilikuwa nimekaa na viazi vyangu hatua kumi kutoka kwenye zile kuni."

Hakucheka. Miaka yote ninayomjua, hiyo ni mara ya kwanza hakunicheka. Kisha akauliza, "Bunduki ya baba yenu iko wapi? Ile ndefu? Kwa ile ungempiga ukiwa dirishani na kahawa yako."

Nikajifanya sijasikia. Nikamjibu, "Ndiyo bibi, mvua itaendelea."

Nimempasulia kuni za msimu mzima, na kila siku nampelekea samaki. Anapokea. Maneno bado machache.

Lakini usidhani nimesamehe. Bibi ninamwomba radhi, Duchess pia ninamwomba radhi kwa ule mnyororo, ila yule mwenye sikio moja namdai roho. Nimeona nyayo zake juzi kwenye mchanga wa mto. Ananenepa kwa samaki wangu, na wiki tatu zijazo ataingia pangoni alale mpaka masika, ameshiba na mbwa wangu tumboni. Sitaki alale. Kila nikimfikiria amejikunja kwenye joto anakoroma, mimi silali.

Ndiyo sababu ya barua hii. Njoo, kaka, na bunduki yako ndefu ya kuwindia, ile uliyoondoka nayo kwenda huko kusiko na wa kumpiga zaidi ya mijusi. Safari hii nitakaa dirishani kwa utulivu, kuni za bibi zikiwa nyuma yetu na si mbele. Kama goti halikuruhusu, hata kuinuka usiinuke, utaniambia tu lini nivute pumzi, kama mzee alivyokuwa akituambia. Ngozi serikali ichukue.

Nisalimie Shemeji Maybelle, mwanao Loretta na yule mume wake asiyependa samaki. Bibi Agrafena anakusalimu, anasema ulikuwa na akili kuliko mimi tangu ujana. Mungu akulinde barabarani na angani, akupe goti jipya, na akufikishe kabla ya theluji.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata kwa sikio moja,

Hollis

Sikuishinda kwenye bahati nasibu ile bastola, Verlin. Hakuna tiketi, hakuna makofi. Nilimpa Dell Purvis bunduki ya baba, akanipa bastola, na bunduki ameshaiuza kwa mgeni nisiyemjua jina.