Mguu wa Kushoto Kwanza

Jumatatu, mwezi 5 Mfungo Nane, 1301 Hijria

Kwata tena. Tumesimama uwanja wa ngome tangu jua halijachomoza. Sajini kachukia. Ni Mngazija, mrefu, sauti yake inafika sokoni. Akisema twende, askari wa zamani wanatanguliza mguu wa kushoto. Sisi wageni tunatanguliza wa kulia, sote, na tunakanyagana visigino. Alidhani tunamfanyia mzaha. Wala. Tangu nianze kutembea nimeambiwa kulia. Msikitini kulia, kuvaa kiatu kulia, kuingia nyumba ya watu kulia. Kushoto ni kwa kuingia chooni. Leo nimepewa koti jeupe na bunduki ya Seyyid, halafu naambiwa niondoke kama mtu aliyebanwa na tumbo. Mguu haukubali.

Nimechoka. Njaa. Sijuti.

Jumanne, mwezi 6

Sajini kaleta ndoo ya chokaa. Kila mgeni kapakwa mguu wa kushoto hadi kifundo. "Mweupe kwanza!" Ndiyo amri ya leo. Wanawake waliokuwa wakienda kisimani walicheka mpaka wakatua mitungi.

Mama kauona mguu, hakucheka. Hataki niape. Mwezi huu ni wa kujaribiwa tu, mtu aweza kurudisha koti akaenda zake bila neno. Ijumaa ya mwezi 23, baada ya sala, tutashika msahafu. Ukishaushika ni miaka mitano, na anayetoroka anafungwa minyororo. Mama ananikumbusha kila nikikaa kula.

Nimeshaamua. Nitaapa.

Alhamisi, mwezi 8

Abdala kaja kunitazama. Tulisoma chuo kimoja, tukahitimu juzuu pamoja. Anataka kuingia mwezi ujao na kanisihi nimwambie ayajue mapema. Macho yake yote kwenye koti.

Mimi sikuambiwa na mtu. Sikuambiwa kwamba inzi akitua jichoni humfukuzi. Kwamba bunduki haina uzito asubuhi, na jua likipanda ina uzito wa ng'ombe. Kwamba utakula haraka hata wali hujui una nazi au hauna. Kwamba jina lako litakaa nyumbani kwenu. Huku mimi ni "wewe wa mwisho".

Nilimwambia koti linakwaruza shingo. Akasema hilo si neno.

Jumapili, mwezi 11

Leo imekuwa. Subhanallah.

Sijui namna ya kuandika. Sajini aliita, tukageuka. Wote. Mshindo mmoja, kunguru wote wakaruka juu ya ngome. Kisha kimya. Sikusikia hata mtu kupumua.

Tangu utoto napanga safu msikitini, bega kwa bega, nikadhani najua safu ni kitu gani. Sikujua. Ile mtu anaingia na shida zake, anatoka nazo. Hapa nilitafuta pa kuanzia mimi na pa kuishia mwenzangu, sikupaona. Nilitaka kulia machozi. Nimeshikwa na kicho na sioni haya kukiandika.

Sajini alisema, "Afadhali." Basi. Nimelibeba neno hilo mpaka nyumbani.

Jumatano, mwezi 14

Hatupakwi chokaa tena. Mguu umejua.

Mama kaniita kwa sauti kutoka uani. Nilisimama wima, visigino pamoja, bakuli la mchuzi mkononi. Dada kacheka mpaka kakaa chini. Mchuzi wote kanzuni. Mimi pia nilicheka. Mama alichukua kitambaa akafuta sakafu, akanitazama muda mrefu.

Jumamosi, mwezi 17

Jumatatu tunakwenda Mbegani. Watu wa huko wamegombana na mtu wa liwali juu ya shamba la minazi. Wanasema ni la babu zao. Wamefunga njia. Liwali anataka watuone tu, waogope, wafungue.

Bunduki za askari wa zamani zitakuwa na risasi. Zetu wageni tupu.

Mjomba Kombo, kaka yake mama, anakaa Mbegani. Sijamwambia mama. Naogopa. Pia nataka mjomba anione nilivyo sasa. Yote mawili kweli.

Jumatatu, mwezi 19

Tumerudi. Mzima.

Walikuwa njiani, wamejipanga kwa namna yao, marungu na mapanga ya kufyekea. Mjomba Kombo katikati. Kazeeka. Alikuwa na panga lake la kupasulia madafu, lile nililokatazwa kulishika nilipokuwa mdogo.

Sajini akaita. Bunduki zikapanda.

Yangu ilipanda. Hili ndilo naliandika, nilisome tena siku nyingine. Sikuipandisha mimi. Nilikuwa bado namtazama mjomba, bado nawaza kwamba kakonda, na bunduki imeshafika begani, macho ya mjomba yako juu ya mtutu wangu, kidole kiko mahali pake. Kilikuwa kinangoja sauti. Nilisahau kuwa ni tupu. Wallahi nilisahau. Kama sajini angesema neno lile jingine, ningevuta.

Na ilikuwa nzuri! Safu ile, mitutu yote sawa, hakuna uliotikisika. Hata pale niliona ni nzuri. Sijapata kuogopa hivyo.

Watu wakarudi nyuma. Njia ikafunguka. Tulipopewa ruhusa ya kunywa maji nilimfuata mjomba. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba. Akaniuliza, "Mama yako hajambo?" Nikasema hajambo. Akanipasulia dafu kwa panga lile, akanipa, akaenda kukaa mbali nami.

Jumanne, mwezi 20

Nimemwambia mama. Kauliza tu kama kaka yake kakonda.

Ijumaa, mwezi 23

Tulikwenda msikitini kwa safu, makoti yamefuliwa. Nilitawadha. Ukucha mmoja bado ulikuwa na chokaa, nikausugua. Nilikuwa naja kusali, kisha kuapa. Ndivyo nilivyotoka nyumbani.

Mlangoni mguu wa kushoto ukaingia kwanza.

Hakuna aliyeamuru. Hakuna aliyeona. Nilirudi nje, nikasimama, nikaingia kwa kulia.

Baada ya sala sajini akaita, wenzangu wakainuka kwa pamoja. Mimi nilibaki nimekaa. Ilikuwa kazi kubwa kuliko kwata yote. Kisha nikamfuata, nikavua koti, nikalikunja, nikampa. Hakunitukana. Alisema nilikuwa nimeanza kufaa.

Abdala anakwenda tu. Nimemweleza Mbegani yote, na mguu, na mlango wa msikiti. Kasikiliza vizuri. Kisha kaniuliza kama koti langu litamwenea.

Alasiri wamepita na ngoma, wameshaapa. Mama alifunga mlango wa barazani, lakini mshindo ule unapita ukutani. Mmoja. Mzuri, bado nasema mzuri. Mguu ukaanza.

Nikakaa mkekani kama kwenye tahiyatu, nimeukalia wa kushoto, mpaka wakafika mbali.