Vichwa vya Wanangu Wawili

Jumatatu, 3 Machi

Nimeitwa shule tena. Mara ya tatu muhula huu! Mteja nimemwacha kwenye kiti, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama kama ufagio. Akasema nenda dada, nitakusubiri. Mungu ambariki.

Mwalimu Mkuu alikuwa na karatasi ya mwanangu Cheche mezani. Mtihani wa hesabu. Swali la kwanza sawa, la pili sawa, la tatu kachora mjusi. Kisha kainuka katoka nje, eti kusikiliza mvua inavyogonga bati. Katikati ya mtihani! Kicheko kilinibana, nikajifanya nakohoa.

Lakini hakuna cha kucheka. Mwalimu kasema miaka minane si mtoto mchanga. Nilete karatasi ya hospitali inayoeleza mtoto ana nini, kabla ya tarehe ishirini na moja, la sivyo nimtafutie shule nyingine. Halafu akanichoma: mbona dada yake hana tatizo? Tumbo moja, nyumba moja.

Kweli, mbona? Dada mtu, Bibi Mdogo — tunamwita hivyo tangu ana miaka minne, kwa jinsi anavyokunja soksi zake na kukaa kimya kama mtu mzima — yuko darasa la tano na sijawahi kuitwa kwa ajili yake. Hata siku moja.

Baba watoto anasema Cheche ni mtundu tu, hata yeye alikuwa hivyo, na leo si anaendesha lori na hajagonga mtu? Sijui nicheke au nilie.

Alhamisi, 6 Machi

Hospitali. Foleni tangu saa moja asubuhi.

Daktari wa watoto ni mama mpole, sauti yake ya chini mpaka unainama kumsikia. Kaongea na Cheche karibu saa nzima, kanihoji mimi, kasoma ripoti za walimu. Kisha: mtoto ana tatizo la umakini na kutulia. Si ukaidi. Si malezi.

Si malezi! Nimeyarudia maneno hayo njia nzima.

Baada ya hapo nikapotea. Kasema ubongo una sehemu nyingi na zote zinaongea. Kuna zinazoamka mtu akiwa anawaza yake, kuna zinazoamka akiwa kazini. Kwa watoto wengi hizi za kazi zikiamka zile za mawazo zinapunguza sauti. Kwa watoto kama Cheche, huenda hazipishani vizuri. Nikauliza, huenda? Akasema ndiyo, huenda, ndiyo maana tunafanya utafiti. Wanatafuta watoto wa kupiga picha za ubongo kwa mashine ya sumaku: wenye tatizo, na wasio nalo wa kulinganisha.

Nikasema wa kulinganisha ninaye, yuko nyumbani. Niliropoka kwa fahari kabisa.

Jumapili, 9 Machi

Siku nzima kufumua nywele. Mashine haitaki chuma — vibanio, hereni, zile shanga zenye kiwaya ndani. Cheche: misuko thelathini, na kila msuko na hadithi yake. Vidole vinaniuma.

Bibi Mdogo alikaa kimya, kichwa mikononi mwangu. Nimemwita mara tatu ndipo akaitika.

"Unawaza nini?"

"Sijui, Mama. Nilikuwa nimeenda."

Umeenda wapi na uko hapa mapajani mwangu? Akacheka, nami nikacheka.

Miaka kumi na minne nashika vichwa vya watu. Najua chenye kisogo bapa, chenye kovu, chenye ngozi inayouma haraka. Ndani yake sijui kitu.

Jioni, mazoezi ya kutulia ndani ya mashine. Kila mmoja alale chini ya meza ya chakula asitikisike dakika nane. Baba watoto kashika saa. Cheche: dakika moja na nusu! Mama mkwe akapita, akatazama, akauliza kama tunawafundisha watoto kufa. Jamani.

Jumatano, 12 Machi

Sielewi. Naandika tu kama ilivyokuwa.

Cheche alitulia. Cheche! Mashine inagonga kama watu wanabomoa ukuta, naye ndani kimya, kidole hakisogei. Katoka macho yanang'aa, kasema humo mna milio mitano, na yote mitano akanipigia kwenye paja.

Aliyebonyeza kengele ya dharura ni Bibi Mdogo. Dakika ya tatu. Katolewa analia. "Mama, nimesahau nimeambiwa nifanye nini." Mara mbili waliambiwa: tazama alama ya msalaba hapo juu, tulia, basi. Mpiga picha akasema wengi wanaogopa. Nikamshika mkono, akarudi, akamaliza.

Kisha daktari akamwita peke yake kwa maswali. Dakika kumi, walisema. Nilikaa nje saa nzima. Mtoto alipotoka hakunitazama.

Jumatano, 19 Machi

Daktari kanipigia saluni, niende bila watoto.

Nilimwomba picha ya Cheche. Nilitaka nimwoneshe Mwalimu Mkuu kwa kidole: hapa, waya umekatika hapa.

"Hakuna kilichokatika, mama," kasema.

Tofauti zipo, lakini zinaonekana ukiweka pamoja watoto mamia kwa mamia, na hata hapo ni ndogo. Picha ya mtoto mmoja haisemi kitu. Alichogundua kuhusu Cheche kakigundua kwa kumtazama, kwa kuuliza, kwa ripoti za darasani.

Nikauliza, ukiweka picha za wanangu wawili hapa mezani, hutajua ipi ya nani?

"Sitajua."

Basi mashine yote ile ya nini! Kasema, ya watoto watakaokuja baadaye, labda. Labda, huenda. Nimechoka na maneno haya.

Akanipa barua ya Cheche. Kisha akavua miwani, nikajua kuna jingine.

Bibi Mdogo wamemtoa kwenye kundi la kulinganisha. Kwa majibu yake mwenyewe, na fomu ya utafiti niliyojaza mimi bila kufikiria, na ya mwalimu wake — hasumbui, anasinzia macho wazi, hamalizi kazi. Kuna watoto ambao tatizo hili kwao ni la kimya, wasichana hasa, na kwa sababu hawavunji kitu hakuna anayewaona. Ukurasa mmoja anausoma mara nne. Begi analikagua mara tatu kila asubuhi. Na soksi? Kamwambia daktari, nisipozikunja pamoja ya pili siioni tena.

Mimi nilikuwa nawasimulia wateja. Tazameni mwanangu alivyo nadhifu!

Kaniandikia barua ya pili, ya kumfanyia uchunguzi kamili. Kasema nitaamua mwenyewe shule waambiwe lini.

Wawili? Ama hakuna hata mmoja, na daktari anaona tatizo kila anapotazama? Baba watoto kauliza hivyohivyo kwenye simu. Akauliza tena, taratibu: "Kwa hiyo na mimi?"

Alhamisi, 20 Machi

Nimemwambia Bibi Mdogo wakati namsuka, ili asinione uso.

Nikamaliza msuko mmoja. Kisha: "Kwa hiyo mimi si mvivu?"

Nani amemwambia yeye mvivu! Hakuna, kasema. Alikuwa anajiambia mwenyewe.

Ijumaa, 21 Machi

Naandika kwenye korido ya shule, daftari gotini. Wanangu wako pembeni yangu kwenye benchi.

Mwalimu Mkuu kasoma barua ya Cheche mara mbili. "Picha iko wapi? Nilidhani utaleta picha." Nikasema picha haisemi kitu. "Sasa daktari kajuaje?" Nikaeleza, maneno yakanigongana. Aliguna, lakini hakukataa. Cheche atabaki — kwa sharti. Dada yake amwangalie kila mapumziko, asimamie kazi zake, abebe daftari lake la maagizo. "Yule ametulia. Mkubwa akishika, mdogo atanyooka." Kasema tungoje nje, amwite mwalimu wa darasa waandike makubaliano.

Mlango ulikuwa wazi. Bibi Mdogo kasikia kila neno.

Barua ya pili iko kwenye pochi. Nikiitoa, huenda nikawapotezea nafasi wote wawili. Nisipoitoa, namtwisha mtoto mzigo wa mwenzake, naye wake hajaweza kuubeba.

Cheche anahesabu misumari ya mlango kwa sauti. Amefika arobaini, hajakosea.

Bibi Mdogo kanivuta mkono. Kanong'ona: "Mama, ukimwonesha na ile yangu, bado nitakuwa mtoto mzuri?"

Nimefungua mdomo. Ilifaa nimjibu haraka, nimekawia — na ameona nimekawia.

Mwalimu Mkuu huyo, katoa kichwa mlangoni. Anasema tuingie, tuanze na dada mtu.