Nilivyomnyamazisha Rukia

Mwanakombo, mdogo wangu,

Nivumilie mwandiko wangu wa kizee. Hapa Mambrui msikiti umepakwa chokaa upya, na mlimau wako umekauka upande mmoja. Binti yako Rukia huja kila siku kunipikia uji, kwani nami sasa nina uvimbe, kwenye ini. Hajui kwa nini siwezi kumtazama usoni.

Unakumbuka alipokukuta ukikuna nazi kwa mkono wa kushoto? Ulimwambia umeulalia vibaya ule wa kulia. Mimi nilikuwa najua. Ulikuwa umeniambia habari ya uvimbe katika titi lako, mimi peke yangu, kaka yako mkubwa, nami nikasema tusubiri, jambo kama hili lisitoke nje. Alipogundua, alisimama katikati ya ukumbi, wazee tumekaa, akapaza sauti: "Mjomba, mama anakufa na nyinyi mnakunywa kahawa!"

Nikamtuliza. Ndiyo kazi niliyosifiwa maisha yangu yote. Kila ugomvi wa ukoo uliletwa kwangu nikauzima. Nilimwambia mamake haumwi kama anavyotangaza. Nikamfanya akuombe radhi mbele ya wote. Akakubusu mkono, ule wa kulia. Nikaona ulivyokunja uso. Nikaagiza kahawa iongezwe.

Tulikupeleka hospitali baada ya Idi. Maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Mwezi uliopita daktari wa Malindi, msichana mpole, alinieleza ugonjwa wangu. Nilimwambia nimefundisha bayolojia, asinifiche. Nilizoea kufundisha kwamba mwili una askari wake. Halikuwamo katika vitabu vyetu kwamba zipo pia seli za kuwatuliza askari hao, wasije wakaushambulia mwili wenyewe. Ni seli njema, bila hizo tungejila wenyewe. Lakini uvimbe huzivuta, huzikusanya pembeni mwake, na askari wakifika huzuiwa, kana kwamba wameambiwa: huyu ni wetu, mwacheni.

Nikamuuliza kama askari hao wanakuwa wamekwisha kuuona.

"Mara nyingi wameuona, mzee. Wametulizwa tu."

Nililia. Akadhani najililia mwenyewe.

Na juzi Rukia, akinipozea uji, alisema: "Mjomba, siku ile ningesema kwa adabu, labda mngenisikia." Miaka yote hii, Mwanakombo. Anaamini kosa ni sauti yake. Nami nikameza uji.

Leo baada ya Alasiri nimewaita wote waliokuwa ukumbini siku ile, wale waliobaki. Nitawaambia kwamba uliniambia mapema, na kwamba Rukia alisema kweli. Nitamwomba radhi palepale alipoombeshwa yeye. Akinipigia kelele, nakuahidi, sitamtuliza, wala sitakubali mtu amtulize.

Pumzika, mdogo wangu. Sikawii kukufuata. Nikifika, nipe mkono wa kulia. Nitaubusu taratibu.

Kaka yako