Nzuri, Ila

Jumatatu, 6 Machi

Asubuhi mikono imegoma tena. Nimeiloweka kwenye beseni la maji ya moto mpaka vidole vikakubali kukunjika, ndipo nikaenda shule. Halafu Jumatatu ndiyo siku ya kuteswa na vidonge vya viungo ninavyomeza kila Jumapili — kichefuchefu, mdomo mchungu, na darasa la tatu lote linasoma kwa sauti.

Ubaoni nimeandika mistari minne, chaki ikaanguka. Dawati la mbele wakagombea kuniokotea. Wao wameshazoea. Mimi bado.

Ijumaa ni zamu yangu ya Bingwa. Daktari wa viungo ni huyo mmoja tu, na yuko mji mkuu, safari ya siku mbili ambayo magoti yangu yaliikataa mwaka jana. Sasa anatuona kwa simu ya picha pale zahanati, kila baada ya miezi miwili, dakika chache kila mgonjwa. Nitamwambia yote. Asubuhi zangu, chaki, hivi vifundo vilivyovimba. Tabibu wa zahanati alishanionya: vidole vikishapinda havirudi.

Ijumaa, 10 Machi

Nimeharibu.

Nilivaa blauzi nzuri. Nilikaa benchi tangu saa nne, nikaitwa saa nane, na saa nane mikono yangu huwa imeshalainika. Tabibu akaisimamisha simu mezani, akaiegemeza kwenye kopo la pamba. Bingwa akatokea, miwani puani, amechoka kama mimi.

Hujambo, mwalimu? Sijambo, daktari. Habari za viungo? Nzuri, nashukuru.

Basi. Nilikuwa navuta pumzi niseme "ila". Si ndivyo mtu anavyosema? Kwanza nzuri, kisha ila. Yeye alikuwa ameshainamisha kichwa anaandika. Akasema amefurahi, dawa imefanya kazi, ini nalo lisichoshwe bure, tupunguze vidonge kutoka sita hadi vinne. Na mimi — mwanamke mzima, mwalimu — nikasema asante.

Nje tabibu akaniuliza, mwalimu, mbona hukusema? Nikamwambia niliulizwa habari, nikajibu. Akasema, uliulizwa viungo. Kajaribu kumpigia Bingwa tena, simu haikupokelewa. Yeye mwenyewe hana ruhusa ya kuigusa dozi.

Jumapili, 12 Machi

Vidonge vinne. Nimevitazama kiganjani, vimekuwa vichache mno.

Baba watoto kacheka mpaka akaweka kikombe chini. Anasema hata Izraili akija kunichukua na akaniuliza habari, nitamjibu nzuri, karibu ndani. Halafu akaacha kucheka, akaanza, "Mficha maradhi..." Nikamwambia asiimalize hiyo methali ndani ya nyumba hii.

Sikuficha. Hilo ndilo linaloniuma. Nilisalimiwa tu.

Jumanne, 28 Machi

Tabibu kapata jibu la Bingwa: nisubiri zamu yangu ya Mei, kama hali si ya dharura. Kuvimba si dharura. Kushindwa kuvua sidiria si dharura.

Baba watoto ndiye anayenifunga vifungo sasa. Ana mikono ya fundi baiskeli, mizito, na kila kifungo anakipigia mluzi. Leo kakosea kimoja nikashinda shuleni na blauzi ya upande. Hakuna aliyeniambia.

Alhamisi, 20 Aprili

Nimeshindwa kuandika siku nyingi. Naishika kalamu kwa ngumi. Mwandiko huu ungekuwa wa mwanafunzi, ningemrudishia daftari.

Kidole cha shahada cha kulia kimeanza kuegemea wenzake. Nakinyoosha, kinarudi. Nimekificha mfukoni wakati wa mkutano wa walimu. Naogopa. Nimekaa siku nzima na hilo neno, bora niliandike: naogopa.

Asubuhi niliingia darasani, hamjambo watoto, wakapiga kelele hatujambo mwalimu. Kale kabinti ka dirishani kakajibu kwa nguvu kuliko wote, kakakaa, kakatapika juu ya dawati. Nikataka kukauliza mbona hukusema unaumwa. Badala yake nikatafuta kitambaa.

Jumapili, 7 Mei

Mazoezi. Baba watoto kachukua fremu ya picha iliyopasuka kioo, kaweka uso wake humo, miwani ya mama yake puani. Mimi ni Bingwa, anasema. Hujambo, mwalimu?

Sijambo.

Umefeli. Rudia.

Tumerudia. Nimefeli mara zote. Mara ya mwisho nilikaza meno, nikasema "naumwa" — lakini baada ya sijambo. Mama mkwe alikuwa anachambua mboga mlangoni, akakasirika. Anasema salamu hairudishwi kwa kidonda. Mtu anakuulizia uzima wako, wewe unampa uzima, kisha ndiyo mnakaa mnazungumza maradhi. Nikamwambia, mama, huyu hakai. Akafikiri. Akasema, basi na yeye hakufundishwa kusalimia.

Tumecheka wote watatu. Baadaye nimelia kidogo jikoni, kwa sababu kifuniko cha sufuria kimenishinda.

Ijumaa, 12 Mei

Naandika zahanati, chumbani kwa tabibu. Mistari michache tu, kidole kinawaka.

Leo nimekuja na kanga ya nyumbani. Maji ya moto sikuyagusa, dawa ya maumivu sikumeza. Kwenye benchi mama mmoja mgonjwa wa sukari kaniuliza habari. Nikasema nzuri. Nikajichukia.

Nimeitwa. Bingwa katokea kwenye kioo cha simu, picha inakatikakatika. Akasema, hujambo, mwalimu?

Nikanyamaza.

Sijawahi kuacha salamu ya mtu ikaanguka chini, hata ya mtu niliyegombana naye. Tabibu akanitazama, akajua, wala hakunijibia. Nikainua mikono yote miwili, nikaileta mbele ya kioo, karibu kabisa, na hicho kidole. Bingwa akasogea. Akavua miwani. Akafungua mdomo —

Mtandao ukakatika hapo hapo. Uso wake umeganda.

Tabibu ametoka na simu yake nyingine kutafuta mawimbi uani, kaniambia nisiondoke, nisiguse chochote. Foleni nje inanung'unika. Mimi na Bingwa tumebaki tunatazamana, yeye mdomo wazi. Sijui alitaka kusema nini.

Salamu yake bado sijaijibu.