Kabla Hujatanua Nozeli

Mkolani, Mwanza

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku hatujambo, bibi yako anakusalimu. Umeuliza kama utanue kwa sindano tundu la nozeli, kile kipande kidogo kinachotoa gesi, maana moto wa jiko lako la gesi ni hafifu. Weka sindano chini kwanza.

Miaka ya tisini, kila mtu alipokuwa anajaribu biashara, bibi yako alinunua trela kuukuu lenye kitanda na jiko la gesi, lililoachwa Kisesa na wajenzi wa barabara. Alitaka kuuza chai humo. Mimi, fundi kijana, nilikuta moto hafifu, nikatanua nozeli. Moto ukaruka wa njano, ukaunguza pazia lake jipya.

Hakupiga kelele. Aliuliza tu, “Bomba la kupeleka gesi na hewa kwenye moto ulilitazama?”

Sikuwa nimelitazama. Nilipolifungua, nikakuta nyigu wamejenga kiota cha udongo ndani. Nozeli haikuwa na kosa, niliiharibu mimi. Nilizunguka maduka ya Mirongo siku mbili kutafuta nyingine, na siku aliyotangaza kufungua biashara ikapita.

Nozeli ile mbovu anayo mpaka leo, kwenye kopo la vifungo. Nikianza kubishania jambo ambalo sijalikagua, yeye hutikisa kopo tu.

Babu yako